Mkungu wa Jumamosi

"Mnaniandikia maisha ambayo sikuyaishi," Avelina alisema. "Futa hilo la tatu, au daftari lote nalitia jikoni."

Mjukuu wake Restuta alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya turubai la kahawa, daftari magotini, kalamu mdomoni. Yuko kidato cha tatu na anajua kila kitu. Ilikuwa Alhamisi jioni, jua bado kali. Jumamosi hiyo Avelina alikuwa anatimiza miaka sitini, na mwanawe Edgar, baba yake Restuta, mwenye duka la dawa za mifugo Kayanga, alishaagiza keki. Keki ya kuandikwa jina. Akamtanguliza na binti yake aje ampange bibi maneno, maana siku hizi mtu akifikisha umri wa kuitwa mzee anasimama mbele ya wageni anataja mafunzo ya maisha yake, wanampiga picha, wanarusha kwenye simu, na watu wasiomjua wanamwekea mioyo myekundu.

"Lakini bibi, hilo la tatu ndilo zuri kuliko yote," Restuta alisema. "Si ndilo tunaloambiwa kila siku nyumbani?"

"Soma tena."

Restuta akasoma kwa sauti ya mahafali. "Funzo la tatu. Usimwingize mgeni shambani kwako, maana hujui panga lake limetoka wapi."

"Mgeni yupi?"

"Nikuze, bibi. Yule Mnyarwanda aliyetuletea mnyauko wa migomba. Aliyemuua babu."

Avelina aliinama akawa anaigeuza kahawa kwa mikono miwili, punje zikilia juu ya turubai. Mimi nilikuwa upande wa pili naokota mbovu, nikainamisha kichwa zaidi ya kazi ilivyotaka. Mimi ni wifi yake. Jovitus, marehemu mumewe, alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na nyumba zetu zinatazamana kibanja kwa kibanja, shamba la migomba la huyu kwa la yule, hapa Bugomora. Mambo ya Nikuze nayajua. Nayajua kuliko nilivyowahi kuyasema.

"Basi nipe wewe mwenyewe," Restuta alisema. "Mafunzo kumi tu. Wenzako wanatoa sitini."

"Sitini ya nini? Mimi sina hata mawili. Na hilo moja nililonalo hutalipenda."

"Litaje."

"Kojoa ulale."

Restuta akaangalia jua, akaniangalia mimi, akacheka. Avelina hakucheka. Aliingia jikoni na hakutoka tena mpaka ugali wa jioni.

Niseme ni mtu wa namna gani, maana siku ya keki watu humpaka mtu mafuta hata asijitambue, na Avelina hapakiki.

Tarehe yake ya kuzaliwa anaijua kwa sababu mama yake alikihifadhi cheti cha ubatizo ndani ya kibuyu cha mbegu za maharage. Ndiyo maana kina matundu mawili ya fukusi, moja limekula jina la mchungaji. Aliolewa na kaka yangu akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja, na ndimi niliyebeba sanduku lake. Alifika, akasalimia, akapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni, akatafuna, akaangalia kibanja cha baba yangu, akasema, "Kwani hapa hakuna mtu wa kukata majani makavu?" Mama yangu alimsamehe siku ya kufa, na hata siku hiyo si sana.

Lakini alikuwa na mkono wa migomba. Shina lililokataa kwa mwingine, kwake linazaa. Ndani ya miaka kumi kibanja kile kilikuwa kiza kitupu, ukiingia saa sita unatafuta njia. Alizaa sita, akazika watatu, na kila mmoja alimzikia upande wa juu karibu na jiko, akapanda mgomba. Hakuwa mtu wa kulia. Ukimkuta amekaa kimya kwenye ile migomba mitatu ulipita mbali, kwa sababu ukimsogelea angekuuliza unatafuta nini, kwenu hakuna migomba.

Nikuze alikuja kwake kwa kazi. Nasema alikuja, lakini alizaliwa hapahapa. Baba yake ndiye aliyevuka kutoka Rwanda zamani, akawa kibarua, akafa kibarua. Nikuze alikuwa mdogo wa Avelina kwa miaka kama minane, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Twizeyimana, aliyekuwa darasa la sita na kichwa chake kizuri. Shamba hakuwa nalo. Alikuwa na panga. Alizunguka kwa watu akipalilia, akikata majani, akipunguza machipukizi, na malipo yake kwa Avelina yalikuwa mkungu mmoja kila Jumamosi.

Walikuwa na utaratibu wao. Katikati ya wiki Nikuze anachagua mkungu wake, anaufunga ukamba wa mgomba kwenye shingo. Ukiuona ukamba ule, hata kama wewe ndiye mwenye shamba, huugusi. Jumamosi jioni anaukata, anaufungua ukamba, anauacha palepale shinani, anajitwika, anakwenda. Wanawake wawili ambao hawakuwa marafiki, ila kila mmoja alijua kazi ya mwenzake. Avelina alikuwa akisema, "Yule ana macho. Hachagui mkubwa, anachagua uliokomaa." Kwa Avelina hiyo ni sifa kubwa, mimi sijawahi kupewa.

Basi ukaja mnyauko. Nyie mlio mijini mnasikia tu ndizi zimepanda bei. Sisi tuliona mgomba wenye mkungu unageuka njano katikati ya mwezi mmoja, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ukikata ndani ni kahawia, na shina linatoa usaha kama jipu. Dawa hakuna. Bwana shamba alituita tukakaa chini, akatuambia ugonjwa unatembea na panga. Ukikata mgomba mgonjwa kisha ukakata mzima, umeupeleka. Pitisha panga kwenye moto kila unapohama. Na lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu msilikate kwa panga, livunjeni kwa mti wa panda, kijiti chenye ncha mbili.

Avelina alisema palepale, watu wote wakisikia, kwamba hakuzaliwa juzi hata afundishwe kuvunja ua kwa kijiti kama mtoto anayeangua mapera.

Nikuze alisikiliza. Tangu siku ile ukimkuta kazini ana moto wake mdogo wa majani makavu pembeni, anageuza panga upande huu na upande huu, anaingia. Watu wakamcheka. Halafu wakaacha kumcheka wakaanza kunong'ona: yule mama anachoma panga, anasema nini na moto?

Mwaka uleule, mwezi wa tano, mjomba wetu alifariki kijiji cha mbali kidogo. Tulikwenda msibani, mimi na Avelina, kila mmoja na panga lake, kama ilivyo kawaida, kwa sababu wanawake wa msibani ndio wanaokata ndizi za kulisha watu. Tulikata kwa wafiwa, zikaisha, tukaingia kwa jirani. Hapo Avelina alikata mgomba mmoja ukatoa usaha wa njano. Aliuangalia. Mimi pia niliuangalia. "Huu umeoza," alisema, akafuta panga kwenye jani, akahamia mwingine. Watu mia mbili walikuwa wanasubiri kula. Nani angewasha moto wa kuchoma panga?

Tulirudi kesho yake. Keshokutwa yake alfajiri nilimwona toka kwangu, yuko upande wa juu karibu na jiko, kwenye ile migomba yake, anakata maua ya mikungu. Kwa panga lile.

Nilimwona nikaendelea kufagia. Hilo ni langu, na sitaliandika mara mbili.

Mwezi wa saba migomba ya juu ikaanza kugeuka njano. Ilianza ile mitatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kaka yangu Jovitus alitoka ndani, akasimama katikati ya kibanja alichopewa na baba yake, ambacho baba yake alipewa na baba yake. Alikata shina moja, akaona usaha. Akauliza, si kwa ukali, aliuliza kama mtu anayeuliza njia: "Nani ameleta hii?"

Mdomo wa Avelina siku zote ulitangulia, lakini siku ile ulikimbia. "Nani tena," alisema. "Si huyu anayezunguka na panga kwenye mashamba ya watu wote?"

Nikuze alikuwa upande wa chini, ameshamaliza kazi ya wiki, anaosha miguu. Alisikia. Alipanda hadi juu, akasema kwa kusihi, "Ma Avelina, waitu, panga langu nalichoma. Unaniona kila siku."

"Unalichoma kwa sababu unajua lina nini."

"Huku juu sijawahi kukata. Huku unakata mwenyewe."

"Toka. Rudi kwenu."

"Kwetu ni wapi?" Nikuze aliuliza. Aliuliza kweli, alitaka ajibiwe.

Avelina akamfukuza hadi mpakani mwa shamba, na watu walishaanza kukusanyika, na watu wakikusanyika hakuna anayesikiliza. Mkungu wake wa wiki ile ulikuwa upande wa chini, kwenye shina zima, umefungwa ukamba. Vichana saba. Jioni Avelina aliukata mwenyewe, akaupika, tukala. Nikuze alikuwa amesimama barabarani na mwanawe hadi giza lilipoingia, akifikiri labda atatumiwa mtu aulete. Mimi nilikula sahani mbili. Zilikuwa ndizi tamu.

Baada ya hapo hakupata kazi hata kwa mtu mmoja. Panga lake lilikuwa na jina baya. Twizeyimana aliacha shule kabla ya mtihani. Mwaka haukuisha wakahama, ikasemekana wako Murongo, mpakani, mama anabeba mizigo ya wachuuzi.

Sisi tuling'oa kibanja chote. Amri ilikuwa hivyo, mgomba mgonjwa na mzima. Jovitus aling'oa kwa mikono yake, akafukia, akawa anakaa mlangoni anaangalia mahali palipokuwa na kiza, sasa jua tupu, unaona hadi kwa majirani wanakoanika nguo. Alisema ni kama amevuliwa nguo, anaonekana na kila mpita njia. Alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wenzake, yeye mwenye kibanja. Mwaka wa pili akaugua kifua, mwaka wa tatu tukamzika kwenye jua. Na katika matanga yake Avelina alisema maneno ambayo Restuta alikuja kuyaandika: Nikuze amemuua mume wangu. Aliyasema mara moja, watoto wakayashika, na tangu hapo hakuyasema sana, walikuwa wanamsemea.

Hayo ndiyo yalikuwa ndani ya lile funzo la tatu.

Ijumaa asubuhi nilivuka kwenda kuazima kinu. Kibanja kimerudi siku hizi, si kama zamani, lakini kimerudi. Alipanda miche safi, na maua anavunja kwa mti wa panda, hajawahi kutueleza amebadilisha lini. Nikapita upande wa chini, nikaona mkungu mmoja mzuri umefungwa ukamba wa mgomba shingoni.

Nilisimama. Nikasikia nyuma yangu, "Unashangaa nini, wifi? Hujawahi kuona ukamba?"

"Nimeuona mara ya mwisho miaka kumi na miwili iliyopita."

"Basi una kumbukumbu nzuri. Mwezi uliopita uliponiambia umemwona Murongo, ulisema yuko wapi?"

Nilikuwa nimemwambia kwa bahati mbaya tu, tukichambua maharage. Nilikwenda Murongo kununua kitenge, nikamwona Nikuze nyuma ya kibanda cha chakula karibu na kizuizi, anamenya ndizi. Jicho la kushoto lina ukungu mweupe. Hakuniona, au aliniona kwa jicho hilo. Avelina aliposikia aliendelea kuchambua maharage, nikadhani yamepita.

"Yuko kwenye kibanda cha bati la bluu," nilisema. "Lakini kesho ni sherehe yako. Edgar anakuja na watu."

"Kesho ni Jumamosi," Avelina alisema.

Jioni ile Restuta alirudi tena na daftari lake. Hajui kukata tamaa, hilo kalitoa kwa bibi yake. Tulikuwa watatu jikoni. Avelina alikuwa anachochea moto, akasema bila kugeuka, "Haya, andika. Funzo."

Restuta akafungua kalamu.

"Panga lilikuwa la bibi."

"Panga gani?"

"La mnyauko. Nililitoa msibani na usaha wake, nikakata nalo migomba ya juu. Nikuze hakuleta kitu. Nilijua siku ileile, babu yako akiwa bado amesimama pale. Ningesema, angekasirika wiki moja, angenisamehe, alikuwa mtu wa kusamehe. Sikusema. Nilimwacha akafa anamchukia mtu ambaye hajamkosea. Andika."

Restuta hakuandika. Aliniangalia mimi, kama vile mimi ningesema bibi anatania. Nikamwambia, "Ni kweli. Mimi nilikuwepo."

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza, na sauti ile ya mahafali ilikuwa imekwisha kabisa.

"Nilikuambia hutalipenda," Avelina alisema. "Mnadhani mtu akikosea anajifunza. Mimi nilikosea nikajifunza kukaa na kosa. Ni kama kukaa na mguu mbovu, unajua uukunje vipi usiume. Miaka kumi na miwili nimeukunja. Jana nimesikia kosa hilo linasomwa kwa sauti ya mtoto mzuri, na kesho lingepigwa makofi."

Restuta alifunga daftari. Akatoka nje, na tulimsikia akipenga kamasi karibu na turubai. Avelina alitaka kumfuata, akakaa tena. "Muache," alisema. "Ana haki."

Jumamosi alfajiri alinigongea. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na mkungu uko barabarani, ameukata mwenyewe. Panga lake alilifunga kwenye kipande cha gunia.

"Panga la nini?"

"Sijui. Nimelibeba."

Tulimngoja Mwesiga, kijana wa bodaboda, tumekaa kwenye ukingo wa barabara na mkungu katikati yetu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Umande ulikuwa mwingi. Avelina alikuwa anazungumza polepole, jambo ambalo silijui kwake.

"Wifi, nilipokuja kwenu nilidhani nikiwa mkali hakuna atakayenidharau."

"Hakuna aliyekudharau."

"Hakuna aliyenisogelea pia. Watoto wangu wananiogopa hadi leo. Edgar ameagiza keki kwa sababu ananiogopa."

"Ameagiza kwa sababu anakupenda, ila hajui akuambieje bila kitu mkononi."

Alifikiri hilo. "Nimezika watatu," alisema, "na sikulia mbele ya mtu. Watu wakasema Avelina ni jiwe. Nikapenda hilo jina. Sasa mtu akishaitwa jiwe, atasimama vipi mbele ya mume wake aseme ni mimi?"

Nilipangusa umande kwenye mkungu kwa kanga.

Mwesiga alikuja, akaangalia mkungu, akatuangalia sisi. "Mama zangu, mmoja abaki."

"Wewe ndiwe utakayebaki," Avelina alimwambia, "sisi tutaendesha." Mwesiga akafunga mkungu mbele kwenye tangi, sisi tukakaa nyuma, tukaenda hivyo hadi Murongo, vumbi la Agosti mdomoni.

Kibanda cha bati la bluu kilikuwa wazi. Malori yalikuwa yamepanga foleni, vijana wanakimbia na karatasi za forodha, wachuuzi wanabishana Kiswahili na Kinyambo kwa pamoja. Nyuma ya kibanda, Nikuze alikuwa amekaa kwenye kreti, beseni mbele yake, anamenya ndizi za watu. Mikono imekuwa myeusi kwa utomvu hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekonda kama anayedaiwa na mwili wake mwenyewe.

Aliinua jicho lile zima.

"Ma Avelina," alisema. Shikamoo haikufuata.

"Nikuze."

"Umezeeka."

"Leo natimiza sitini."

"Hongera." Kisu kikaendelea.

"Twizeyimana hajambo?"

"Alivuka Uganda kwenye mashamba ya chai. Mwaka wa nne huu. Akipata simu atapiga." Ganda likadondoka kwenye beseni. "Alikuwa anataka ualimu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

Mwesiga akashusha mkungu akauweka kwenye majani mbele yake. Nikuze aliuona ukamba. Kisu kikasimama.

"Huo wa nani?"

"Wako. Wa Jumamosi ile."

"Jumamosi zimepita nyingi."

"Najua."

"Mbona leo?"

Njiani nilikuwa nimehisi Avelina anapanga maneno, midomo inatembea begani kwangu. Yote yalimpotea. Alibaki na machache. "Panga lilikuwa langu," alisema. "Lako lilikuwa safi. Nilijua kabla hujafika mpakani mwa shamba. Nilijua, na nikakufukuza, na jioni tukala mkungu wako."

Simu ilianza kulia kwenye mkoba wake. Edgar. Ililia hadi ikachoka.

Nikuze aliweka kisu chini. Alipoongea hakupaza sauti, nililazimika kusogea.

"Kwamba lilikuwa lako, mimi nilijua. Migomba ya juu ndiyo ilianza, na ya juu ulikuwa unakata wewe. Lakini nilidhani wewe hujui. Nilijiambia, yule mama amefiwa na watoto, amepotelewa na kibanja, akili imemruka, hajui anachosema. Kila nikisali nilikuwa nasema, Mungu, yule msamehe, hajui." Akamtazama. "Miaka yote hii nimekusamehe kwa sababu hujui. Kumbe."

Akasukuma beseni pembeni.

Avelina alisimama mbele yake kama mwanafunzi. Nilidhani atalia, baada ya miaka sitini, hapa mpakani mbele ya madereva wa malori. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

Nikuze aliinama, akaanza kuuhesabu mkungu kwa vidole, kichana kwa kichana, kama wanavyohesabu watu ambao macho yameanza kuwaacha. Alifika mwisho, akarudia.

"Wangu ulikuwa na vichana saba," alisema. "Huu una tisa."

"Nimeongeza."

"Sikukuomba nyongeza. Umekuja na panga?"

Avelina akalitoa kwenye gunia. Hakumpa. Alikwenda kwenye jiko la kibanda, ambako sufuria ya maharage ilikuwa inachemka, akapiga magoti kwenye majivu na gauni lake la kanisani, akalitia panga kwenye moto. Upande huu. Akaligeuza, upande huu.

"Mkungu umeshakatwa, Ma Avelina," Nikuze alisema. "Hauugui tena."

Avelina hakulitoa. Alilishika pale hadi mpini ukaanza kumchoma, ndipo akalileta kwa mikono miwili.

Nikuze akapima kwa kidole gumba, akakata vichana viwili vya chini, mara moja tu, mkono bado ulikuwa wa kazi. Akavinyanyua, akamnyooshea.

"Saba ni vyangu. Hivi ni vyako. Mkungu tumemalizana."

"Na hayo mengine?" Avelina aliuliza.

"Hayo mengine hukuyabeba kwenye pikipiki."

Avelina alipiga goti, yeye mkubwa kwa mdogo, akavipokea vile vichana viwili kwa mikono yote. Nikuze alingoja mpaka alipoinuka. Kisha akautafuta ukamba shingoni mwa mkungu, akaufungua polepole kwa zile kucha nyeusi, akautupa kwenye moto wa maharage.